Maswali ya Wasomaji: Karafuu Ukingoni mwa Barabara

SWALI: Assalaam alaykum, Mhariri. Mimi ni mwalimu niliyehamia Wete kutoka Tanga. Tangu msimu wa karafuu uanze, kila nitokapo asubuhi nakuta majamvi yametandikwa kando ya barabara, na mara nyengine karafuu zimemwagwa juu ya lami tupu. Jirani yangu ana uwanja wake. Kwa nini asianike huko? Tena, je, naweza kumwomba aniuzie kilo mbili nimpelekee mama yangu? (Mwalimu mgeni, Wete)

JIBU: Waalaykum salaam, mwalimu, na karibu Pemba. Uwanja wa jirani yako hebu utazame saa nne asubuhi, kisha uutazame tena alasiri. Ikiwa ni uwanja wa kawaida wa kwetu, upande mmoja utakuwa chini ya kivuli cha mwembe, upande wa pili chini ya mfenesi, na katikati pamebaki kipande cha jua kinachotosha kuanikia nguo za watoto. Kisiwa hiki ni cha vilima na mabonde, miti yake imesongamana na ardhi yake hukaa na unyevu, mambo ambayo wageni huyasifu sana na ambayo humtaabisha kila mwenye karafuu mbichi mkononi. Barabara ndipo panapokauka mwanzo baada ya mvua, na ndipo panapopata jua tangu asubuhi mpaka linapokaribia kuzama. Zao lenyewe nalo ni jingi: tangu kimbunga cha mwaka 1872 kilipoangusha sehemu kubwa ya mikarafuu ya Unguja, Pemba ndiyo imekuwa shamba kuu, na unapofika msimu mzuri sehemu tambarare hazitoshi.

Zaidi ya hayo, karafuu haingoji. Ni tumba la ua ambalo halijafunguka, nalo huchumwa linapoanza kuingia wekundu. Usiku huohuo watu wa nyumba hukaa barazani wakachambua, kila tumba likitengwa na kikonyo chake, na kukicha ni lazima zipate jua. Zikilazwa ndani ya polo siku mbili zinapata joto na kuchacha, kisha hata zikikauka hutoka zimesinyaa na kupauka, na hizo ndizo mpeta ambazo hakuna muuzaji anayependa zionekane kwenye mizani yake. Jua likiwa kali, kazi huisha kwa siku nne au tano, na kilo tatu za mbichi hubaki takriban kilo moja kavu. Lakini mvua za vuli huanza Oktoba na kuendelea hadi Desemba, katikati ya uchumaji hasa. Kwa hiyo wingu jeusi likitanda juu ya bandari utamwona muuza duka anawaacha wateja wake, mwanafunzi anatupa mkoba wake, na wote wanakimbilia kuanua karafuu ambazo si zao. Siku hiyo, mwalimu, usisimame kutazama. Shika ncha ya jamvi.

Hata hivyo, jamvi lililotandikwa ukingoni ni jambo moja, na karafuu zilizomwagwa juu ya lami tupu ni jambo jengine, na hilo la pili silitetei. Lami ina vumbi, ina vijiwe na ina matone ya mafuta ya magari, na gurudumu likipita juu hukata vichwa vya karafuu. Okota moja iliyokauka vizuri uivunje: itakatika kwa mlio mdogo mkavu, na kile kichwa chake cha mviringo kitakuwa bado kimekaa mahali pake. Anayepanga daraja hutazama unyevu, uchafu, na idadi ya zilizopoteza vichwa, kwa hiyo aliyekwepa taabu ya kutandika jamvi huja kulipa taabu hiyo kwenye kituo cha kuuzia karafuu, pale karafuu zake zinaposukumwa daraja la chini.

Ama kuhusu kilo mbili za mama, usimwombe jirani. Kwa miaka mingi ununuzi wa karafuu kutoka kwa wakulima umekuwa mikononi mwa Shirika la Taifa la Biashara la Zanzibar, ZSTC, lililoanzishwa mwaka 1968, na anayezivusha karafuu kwa njia za panya huhesabiwa mfanya magendo. KMKM, kama jina lake kamili linavyosema, ni Kikosi Maalum cha Kuzuia Magendo. Jirani akikukatalia usidhani ni bahili, maana anaogopa kesi. Nenda duka la viungo ukanunue pakiti iliyofungwa, na mama atafurahi vilevile.

SWALI: Mimi ni dereva wa gari ya abiria kati ya Wete na Chake Chake. Karafuu zinakula nusu ya barabara. Nikizikanyaga natukanwa, nikizikwepa nakutana uso kwa uso na lori. Haki ni ya nani? (Dereva, Wete)

JIBU: Haki ni yako, na hapa sina la kupepesa. Barabara imejengwa ili watu wapite, na kila msimu wakulima huhimizwa waanike kwenye majamvi na waiache barabara. Kwenye kona na kwenye miteremko, ambako dereva haoni kilicho mbele yake, hakuna udhuru wowote, khasa kwa kuwa anayewekwa kulinda jamvi mara nyingi ni mtoto, naye hukaa amenyoosha miguu juu ya lami. Matusi, hata hivyo, hayatamhamisha mtu ambaye hana pa kuhamia. Pelekeni suala hili kwa sheha, yaani kiongozi wa serikali wa eneo lenu, mkiwa madereva kadhaa pamoja, na muombe shehia yake itenge uwanja wa wazi, hata uwanja wa mpira au wa skuli siku za mapumziko, ili wasio na jua nyumbani wapate pa kuanika. Mpaka hapo punguza mwendo unapoona majamvi, kwa ajili ya huyo mtoto kuliko kwa ajili ya karafuu.

SWALI: Baada ya kuchambua, makonyo tunayatupa jaani. Je, yana kazi? (Mchambuaji, Konde)

JIBU: Yana kazi, bibie, na yana pesa. Huko Wawi, Chake Chake, kipo kiwanda cha makonyo kinachoyakamua mafuta, na mafuta ya mkarafuu hutumika katika dawa za meno na manukato. Yaanikeni kwenye jamvi lake peke yake, mbali na karafuu, kwa sababu yakichanganyika nazo yatahesabiwa uchafu na kukushushieni daraja.