Samaki wa makombe kutoka Kigoma

Dada, umeuliza kama hao samaki wadogo wanaoishi ndani ya makombe ya konokono uliowaleta kutoka Kigoma wanaweza kuishi na sato kwenye tangi la lita 80. Sato hapana. Anapita sentimita 30, atawameza wote. Tangi hilo waachie wao peke yao.

Na hao uliosema walikufa siku ya nne, nashuku maji mapya, si ugonjwa. Maji ya Ziwa Tanganyika yana pH (kipimo cha asidi na alkali) inayokaribia 9, na kwenye maji ya namna hiyo amonia inayotokana na uchafu wa samaki huwa sumu kali zaidi. Filta ifanye kazi wiki nne hadi sita kwanza, bakteria wanaovunja amonia hiyo wajijenge, ndiyo ulete samaki. Maji ya mvua usitumie, hayana madini ya kutosha kwao. Maji ya kisima yenye chumvichumvi kidogo na chokaa yanafaa zaidi. Joto nyuzi 25 hivi.

Weka mchanga laini sentimita 5 na makombe mengi kuliko samaki. Watayafukia wenyewe, kila mmoja apendavyo (mimi hukaa nawatazama hadi chai inapoa). Changarawe haiwafai, hawawezi kuichimba.