Kutoka kuandika habari za muziki hadi kutunga nyimbo
Ndugu, umeuliza kama mwandishi wa habari za muziki anaweza kuwa mtunzi wa country, ule muziki wa asili ya mashambani Marekani. Anaweza. Mwandishi Holly Gleason aliandikia jarida la Rolling Stone na gazeti la Los Angeles Times. Mwaka 2008 “Better as a Memory”, wimbo aliotunga na mwenzake, ulishika namba moja kwenye chati ya country Marekani, ukiimbwa na Kenny Chesney. Ukitafuta jina lake kwenye wimbo hulioni: alijiita Lady Goodman. Na mwenzake, Scooter Carusoe, naye jina la kubuni, hahaha! Na kutunga na mwenzako ni kawaida Nashville, mji mkuu wa muziki wa country: wanakaa wawili watatu chumbani na gitaa. Hela sasa: wakati ule nakala moja ya wimbo ikiuzwa Marekani iliwazalia watunzi senti 9.1 za dola, nazo mnagawana na pablisha, yaani kampuni inayosimamia haki za wimbo.