Waliotoboa tembe

Mwanangu mpendwa,

Mbukwa. Ujumbe wako niliusoma juzi usiku, nikaurudia asubuhi nikiwa shambani. Unasema kiongozi wa kikundi chenu cha maombi hapo mjini amekutaka uwaache marafiki wote ambao hawajaokoka, kwa lile neno la Paulo la nira, "Msifungiwe nira pamoja na wasioamini." Wawili unaoishi nao Nkuhungu hawasali. Unauliza kama kuwaacha ndiyo imani, na kama siyo, mbona tangu utoto wako nimekusumbua kwamba uchague marafiki.

Nianze na nira, maana hiyo naijua kwa mikono yangu. Umewahi kuniongozea maksai. Wawili wakishafungwa nira moja, hakuna anayekwenda peke yake. Mmoja akivutia kando, mstari wote wa plau unapinda. Paulo hakusema tusisalimiane na wasioamini, wala tusile nao sinia moja. Ndoa ni nira. Biashara ya ubia ni nira, na kumdhamini mtu mkopo pia. Hapo usiburuzwe na mtu, hata awe wa damu yako. Lakini kuchangia kodi ya nyumba na vijana wenye adabu, mimi sioni nira. Bwana wetu aliitwa rafiki wa watoza ushuru na wenye dhambi, na waliomwita hivyo walidhani wanamtukana.

Ila Bwana huyohuyo, Luka sura ya 6, alikesha mlimani akimwomba Mungu, kulipokucha ndipo akachagua kumi na wawili. Na kule Gethsemane, huzuni ilipomzidi, alikwenda mbele na watatu tu. Alikula na wengi, lakini machozi yake waliyajua wachache. Kwa hiyo mimi sikuulizi unakula na nani. Nauliza, ukikwama, unakwenda kumsikiliza nani?

Sasa nikuambie jambo ambalo sijawahi kukuambia. Mwaka 2006, ukame ulipotupiga na uwele ukakaukia shambani, nilikuwa mweka hazina wa kikundi chetu cha wakulima wa zabibu. Sanduku lilikuwa chini ya kitanda changu. Nilikuwa na rafiki tuliyeimba naye kwaya miaka mingi, tukikaa benchi moja. Akaniambia tuazime fedha za sanduku, tukanunue mahindi Kibaigwa, tuyauze bei ikipanda, turudishe kabla ya mkutano bila mtu kujua. Akanisomea mfano wa talanta, kwamba mtumwa aliyefukia fedha ardhini ndiye aliyelaumiwa. Mwanangu, nilikubali. Bei haikupanda tulivyotegemea, gunia nyingine zikaingia wadudu, na yule mwenzangu akaacha kupita nyumbani kwetu.

Unamkumbuka Yonadabu, rafiki yake Amnoni mwana wa Daudi? Biblia inasema alikuwa mtu mwerevu sana. Ushauri wake ulimfikisha Amnoni kumnajisi dada yake Tamari na kumharibia maisha, na mwisho Amnoni mwenyewe aliuawa. Kila nikifika hapo kwenye 2 Samweli 13 nasoma polepole.

Aliyenitoa shimoni ni yule Mrangi wa Kondoa, mfanyabiashara wa mbuzi, aliyekuwa jirani yetu. Unamfahamu, ndiye uliyekuwa ukimwita baba mdogo. Ni Mwislamu, na sijawahi kumwita vingine. Aliniona sili, akaniuliza, nikamweleza yote. Hakunibembeleza hata kidogo. Alisema, "Hiyo ni fedha ya wajane. Nenda kawaambie leo, kabla hawajafungua sanduku." Nikamchukia siku nzima. Jioni akarudi, tukaenda wote kwa mwenyekiti, akakaa mlangoni mpaka nikamaliza kusema. Kesho yake nikauza mbuzi wangu watano, naye akaongeza wawili wake. Mithali inasema jeraha utiwazo na rafiki ni amini. Nililisoma andiko hilo nikiwa kijana, lakini maana yake niliijulia kwenye mlango wa mwenyekiti.

Usielewe kwamba nakwambia kanisani hakuna marafiki. Nimewapata huko, na wengine wamenishika kwa maombi miaka ambayo sikuweza kuomba mwenyewe. Unawahitaji sana, mtu hasafiri na Kristo peke yake. Nakuonya tu usimpime mtu kwa benchi analokalia. Mpime kwa anachokuambia pale dhambi inapoonekana kuwa na faida.

Ninapowaza urafiki, huwaza wale wanne wa Marko 2, waliotoboa dari wakamshusha mwenzao aliyepooza mbele ya Yesu. Wewe ulilikuta tembe la babu yako limeshabomoka, mimi nililala humo. Juu kuna magogo, juu ya magogo fito, halafu nyasi, halafu udongo ulioshindiliwa mpaka mtu anaweza kuanikia mtama. Kutoboa dari ya namna hiyo ni jasho. Vumbi linawaangukia waliomo ndani, mwenye nyumba anapiga kelele, na wewe juu unaendelea kuchimba kwa sababu rafiki yako hawezi kutembea. Maandiko yanasema Yesu alipoiona imani yao. Imani yao, mwanangu! Aliyepooza hajasema hata neno moja. Wenzake waliamini wakiwa wamemshika, naye akasikia akiitwa "mwanangu", dhambi zake zimesamehewa.

Basi kaa usiku mmoja uombe, ukitaja majina yao mmoja mmoja, hao wawili wa Nkuhungu na huyo kiongozi wako pia. Jiulize nani angepanda juu ya dari kwa ajili yako, na wewe ungempandia nani. Usimfukuze mtu kwa sababu umeambiwa umfukuze.

Mwezi wa nane tunakata zabibu. Njoo nao hao wawili, kama watakubali. Mama yako atasonga ugali wa uwele na mlenda, na baba yako mdogo wa Kondoa amesema atachinja. Nataka niwaone kwa macho yangu, nao waone tunavyosali kabla ya kula.

Baba yako