Sauti Inapomfichua Muuaji

Maswali na majibu kuhusu vitabu vya sauti vya riwaya pendwa

SWALI: Mhariri mpendwa, kwa muda sasa nimekuwa nikisikiliza riwaya za upelelezi badala ya kuzisoma, na nina maoni ambayo ningependa uyapime. Naona kwamba kitabu cha sauti kinachoigizwa na watu wengi, kila mhusika na sauti yake, ni bora kuliko kile ambacho mtu mmoja anakisoma mwanzo hadi mwisho, kwani huyo mmoja hulazimika kujigeuza mzee, msichana na jambazi ndani ya ukurasa mmoja, na mara nyingi huchekesha mahali pasipofaa kucheka. Kuna pia jambo lililoniudhi. Katika riwaya moja, mtu asiyejulikana anampigia simu mjane usiku na kumtishia, nami nikamtambua papo hapo, kwa kuwa msimulizi alimpa sauti ileile ya kukwaruza aliyokuwa amempa wakili wa familia sura mbili kabla. Kitabu kilikuwa bado kimebakiza saa saba! Je, lawama ni ya msimulizi au ya mwandishi? Mwisho, dada yangu hushikilia kwamba vitabu hivyo sijavisoma, nimesimuliwa tu. Nimjibu vipi?
Msikilizaji wa Upelelezi

JIBU: Ndugu Msikilizaji, nitaanza na yule aliyepiga simu, kwa sababu maoni yako mengine mawili yanategemea jibu lake.

Mwandishi wa riwaya ya upelelezi hufanya kazi yake akijua kwamba karatasi haina sauti. Anapoandika kwamba mtu fulani alinena gizani, msomaji hupata maneno peke yake, bila koo lililoyatoa, na hapo ndipo siri inapojificha. Mwandishi wa Kiswahili ana nafasi kubwa zaidi ya kuficha, kwani anaweza kutuambia kwamba mtu aliingia, akazima taa, akamnong'oneza marehemu na kuondoka, na sura nzima ikapita bila kutujulisha kama huyo ni mwanamume au mwanamke. Msimulizi hana nafasi hiyo. Akifungua kinywa kuyatamka maneno ya muuaji, tayari amechagua jinsia, umri na tabia ya mtu ambaye mwandishi alitumia kurasa mia mbili kumsitiri. Kwa hiyo ugumu wenyewe haukuletwa na uzembe wa mtu yeyote. Umo ndani ya kazi ya kuhamisha riwaya ya aina hii kutoka machoni kwenda masikioni.

Hata hivyo, kuwapo kwa ugumu hakumwondolei msimulizi wako lawama, kwa kuwa dawa zake zinajulikana. Ya kwanza ni kukisoma kitabu chote kabla ya kurekodi, ili anayefichwa ajulikane mapema na asipewe alama ya pekee, kama huo mkwaruzo, itakayomsaliti baadaye. Ya pili ni mnong'ono. Mtu anaponong'ona, nyuzi za sauti kooni hazitetemi kama kawaida, na ule wimbo wa sauti unaotuwezesha kumtambua msemaji hupungua sana, kiasi kwamba sauti ya kike na ya kiume hukaribiana. Ya tatu, ambayo mimi huipenda kuliko zote, ni kuyasoma maneno ya mtu asiyejulikana kwa sauti ileile ya masimulizi ya kawaida, bila kuigiza chochote, hivyo kwamba msikilizaji anabaki pale pale mwandishi alipomtaka awe. Mwandishi naye, siku hizi anapojua kwamba kitabu chake kitasikilizwa, anaweza kuweka barua au ujumbe wa maandishi mahali pa simu, lakini nisingependa kuona waandishi wanalazimika kuacha simu za usiku kwa ajili ya wasimulizi wavivu.

Ni jambo la kufurahisha kwamba tatizo hili lilikuwapo tangu vitabu vya sauti vilipoanza. Mwaka 1935, Uingereza ilipoanza kuwapelekea watu wasioona, wakiwamo askari waliopoteza macho katika Vita Kuu ya Kwanza, vitabu vilivyorekodiwa kwenye santuri, miongoni mwa vya kwanza kabisa ilikuwamo riwaya ya Agatha Christie kuhusu mauaji ya Roger Ackroyd. Santuri hizo zilizunguka polepole, mara 24 kwa dakika, ili kila upande ubebe takriban dakika 25 za usomaji, na riwaya moja ilijaza santuri kadhaa. Anayeijua riwaya hiyo anaelewa ni mtihani wa namna gani aliopewa msimulizi, kwa sababu kisa kizima kinasimuliwa na mhusika mmoja aliyekuwapo katika matukio, na chochote kinachoongezwa katika kiimbo chake, hata wasiwasi kidogo, kinaweza kuharibu hesabu ya mwandishi. Sitasema zaidi, nisije nikamwondolea uhondo ambaye bado hajaifikia.

Sasa turudi kwenye maoni yako ya kwanza. Unapendelea waigizaji wengi, lakini hebu fikiria yule mpiga simu angekuwaje katika toleo la namna hiyo. Mwigizaji anayeshika nafasi ya wakili ndiye angelazimika kuzungumza kwenye simu, na sikio lako lingemkamata upesi kuliko lilivyomkamata msimulizi mmoja, labda watayarishaji waivuruge sauti yake kwa mitambo, jambo ambalo nalo hutangaza kwamba huyu ni mtu tunayemjua tayari. Kuna na siri nyingine inayovuja kupitia orodha ya washiriki: mwigizaji mashuhuri akitajwa kuwa anashika nafasi ya mtunza bustani mwenye sentensi nne katika sura ya kwanza, msikilizaji mwerevu ataanza kumshuku mtunza bustani huyo kabla maiti haijapatikana.

Sisemi kwamba sauti nyingi hazifai. Zinafaa sana pale ambapo kitabu chenyewe kimejengwa kwa kauli za watu wengi, kwa mfano riwaya iliyoandikwa kama mfululizo wa barua, shajara au mahojiano, au riwaya ya mapenzi ambamo sura moja ni ya mwanamke na inayofuata ni ya mwanamume. Riwaya ya George Saunders iitwayo Lincoln in the Bardo, ambayo imejaa kauli fupifupi za mizimu na za mashahidi, ilirekodiwa mwaka 2017 kwa sauti za watu 166, na sioni namna bora zaidi ambayo ingeweza kufanywa. Lakini riwaya pendwa nyingi hazikuandikwa hivyo. Zina masimulizi marefu yanayounganisha mazungumzo mafupi, na waigizaji wanapopokezana kila baada ya sentensi mbili, huku msimulizi akiingilia kati kutuambia kwamba fulani alijibu kwa hasira ilhali hasira yenyewe tumekwisha kuisikia, masikio huchoka.

Kuhusu msimulizi mmoja anayejigeuza mzee na msichana, malalamiko yako ni ya haki, ila naona lawama imeelekezwa pasipo pake. Jim Dale, mwigizaji aliyewasomea Wamarekani vitabu vya Harry Potter, aliingizwa katika rekodi za Guinness kwa kubuni sauti 134 katika kitabu cha tano peke yake, na wapo wanaoliona hilo kuwa ndilo kilele cha sanaa hii. Wengine humpendelea Stephen Fry, aliyevisoma vitabu hivyohivyo kwa ajili ya Uingereza, na ubishi baina ya makundi hayo mawili sidhani kama utakwisha. Kwa maoni yangu, wingi wa sauti si kipimo. Msimulizi mwanamume anayetaka kutuonyesha msichana hana haja ya kukaza koo na kutoa sauti nyembamba ya kitoto. Anachohitaji ni kubadili mwendo, kupunguza uzito wa pumzi na kujua mhusika huyo hukatiza wapi sentensi zake. Kinachokuchekesha ni jitihada ya kupandisha na kushusha sauti. Msikilize msimulizi anayebadili mwendo badala ya kubadili koo, kisha uniandikie tena.

Imebaki hoja ya dada yako. Utafiti uliochapishwa mwaka 2016 na Beth Rogowsky na wenzake uliwagawa watu wazima katika makundi: waliosoma sehemu za kitabu, waliozisikiliza, na waliofanya yote mawili kwa pamoja, na haukupata tofauti ya maana katika uelewa wao, si mara moja baada ya kumaliza wala wiki mbili baadaye. Upande wa pili, utafiti wa mwaka 2010 wa David Daniel na William Woody uliwakuta wanafunzi waliosoma makala ya kitaaluma wakifanya vizuri katika jaribio kuliko wenzao walioisikiliza. Sioni mgongano mkubwa hapo. Makala ya kitaaluma humtaka mtu arudi nyuma, apime sentensi upya, na jicho hurudi kwa wepesi ambao sikio halina. Riwaya ya kusisimua, kinyume chake, imetengenezwa ili ikusukume mbele. Kwa hiyo mwambie dada yako kwamba kisa umekipata chote, na kila neno la mwandishi limepita masikioni mwako. Mkubalie jambo moja tu: mahali pa kutua, neno la kutiliwa mkazo na kejeli ya kusikika au kutosikika vyote vilikwisha kuamuliwa na mtu mwingine kabla yako, wakati yeye anayesoma huamua mwenyewe. Na katika riwaya ya upelelezi, ambamo ushahidi hutupwa kijanja katikati ya maelezo ya samani za sebuleni, anayesikiliza huku anafua nguo ana nafasi kubwa ya kuupoteza.

SWALI: Mwanangu husikiliza riwaya kwa kasi mara mbili ya kawaida na kujisifu kwamba anamaliza vitabu vingi kuniliko. Je, hapotezi kitu?
Mzazi mwenye Shaka

JIBU: Anapoteza, ingawa si kile unachokidhania. Msimulizi wa kawaida wa Kiingereza husoma takriban maneno 150 hadi 160 kwa dakika, ndiyo maana riwaya ya maneno 90,000 huchukua karibu saa kumi, ilhali mtu mzima anayesoma kimya lugha hiyo hufikia maneno 240 hivi. Hii ina maana kwamba kuongeza kasi mara moja na nusu kunamfikisha tu kwenye mwendo wa macho, na maneno anaweza kuyaelewa bila shida, hasa kwa kuwa programu za leo huharakisha usomaji bila kuifanya sauti iwe nyembamba. Kinachopotea ni vituo. Msimulizi mzuri wa riwaya ya kutisha hukaa kimya kabla ya mlango kufunguliwa, na ukimya huo ni sehemu ya kazi aliyolipwa kuifanya. Kwa kasi mara mbili, mlango unafunguka kabla hofu haijapanda. Mwache aharakishe sura za safari na za maelezo, ila mshawishi arudie mwendo wa kawaida katika sura za mwisho. Kuhusu majisifu yake, hayo ni mambo ya nyumbani kwenu.

SWALI: Nilisikiliza kitabu cha sauti cha riwaya ninayoijua vizuri, yenye zaidi ya kurasa 400. Kilikwisha baada ya saa tatu, na mhusika niliyempenda hakutajwa hata mara moja. Imekuwaje?
Aliyepunjwa

JIBU: Umesikiliza toleo lililofupishwa, Ndugu Aliyepunjwa, na matoleo hayo yana historia yake. Wakati wa kaseti, riwaya pendwa nyingi zilikatwakatwa ili zitoshe kwenye kaseti mbili za dakika 90, yaani saa tatu kamili, na wahusika wa pembeni ndio waliokuwa wa kwanza kuondolewa. Rekodi nyingi za aina hiyo zimehamishiwa kwenye mtandao kama zilivyo. Tazama urefu wa rekodi kabla ya kuichukua: riwaya ya kurasa 400 isiyofikia hata saa nane imekatwa, hata kama jalada halisemi hivyo.

SWALI: Siku hizi vipo vitabu vinavyosomwa na kompyuta. Baadhi havisikiki vibaya. Je, nivikwepe?
Msikilizaji Mpya

JIBU: Si lazima uvikwepe vyote, lakini vichague kwa aina. Kampuni ya Apple ilipoanza kutoa vitabu vyenye usomaji wa kompyuta, vilivyojitokeza hadharani mwanzoni mwa mwaka 2023, ilianza na hadithi za kubuni zikiwamo riwaya za mapenzi, na uchaguzi huo ulinishangaza, kwani ningedhani mwongozo wa kilimo cha bustani ungekuwa mahali salama zaidi pa kuanzia. Riwaya ya mapenzi huishi kwa mazungumzo ambamo watu husema jambo moja na kukusudia jingine. Mashine huitamka sentensi kwa usahihi, na pengine kwa sauti tamu, bila kuonyesha kwamba anayesema yuko sawa ni mtu aliyevunjika moyo. Kuna faida moja ambayo Msikilizaji wa Upelelezi aliyetangulia angeifurahia: mashine inayosoma kila kitu kwa sauti moja haiwezi kumfichua muuaji kwa mkwaruzo. Wala haiwezi kumficha, maana hana tofauti kwake na mwenye duka.

Wauzaji wengi hukuruhusu kusikiliza kipande cha kitabu kabla ya kulipa, nao hupenda kukupa ukurasa wa kwanza, ambao kwa kawaida ni maelezo ya mandhari na hauonyeshi udhaifu wa msomaji yeyote, awe mtu au mashine. Ikiwezekana, tafuta mahali ambapo watu watatu wanabishana. Dakika mbili zikipita na bado unajua nani anasema bila kutajiwa majina, chukua kitabu hicho bila kujali kimesomwa na nani.