Leseni ya Uingereza kwa aliyeendesha miaka mingi nyumbani

Ndugu yangu uliyefika juzi, una leseni yako ya daraja D mfukoni na usukani umeuzoea kama kijiko. Haya nayaandika kwa ajili yako. Asiyewahi kuendesha, njia yake ni nyepesi kuliko yako, kwa sababu hana cha kusahau. Mimi nilikuja mji wa Milton Keynes kuhudumia wazee majumbani nikiwa nimeendesha miaka tisa: Morogoro mjini, Dar, Dodoma, na mara kadhaa hadi Mbeya usiku. Mtihani wa barabarani nilifeli mara ya kwanza, na nilifeli kwa kosa ambalo nyumbani nisingelijua kuwa ni kosa. Nataka wewe ulijue kabla hujalipa ada.

Kwanza hesabu ya siku. Leseni ya nyumbani inakuruhusu kuendesha gari dogo kwa miezi 12 tangu siku ulipoanza kuishi hapa. Ukishapita mwaka huo, hata kama leseni yako ya Tanzania ina miaka minne mbele, hapa umekuwa mtu asiye na leseni, na bima uliyolipia haikulindi. Utamwona mwenzako kazini ametoka Zimbabwe au Afrika Kusini, amebadilishiwa leseni bila mtihani wowote, nawe utadhani kuna mlango hujaonyeshwa. Nchi hizo zimo kwenye orodha ya nchi ambazo leseni zake hubadilishwa. Tanzania, Kenya, Uganda na Kongo hazimo, kwa hiyo sisi tunaanza mwanzo: lena, yaani leseni ya mwanafunzi, kisha nadharia, kisha barabara. Atakayekuambia kuna mtu anayeweza kukutafutia leseni ya nchi iliyomo kwenye orodha, au kukufanyia mtihani wa nadharia kwa jina lako, anakupeleka mahakamani. Watu wamefungwa jela hapa kwa kuwafanyia wenzao mitihani.

Omba lena mapema, mwezi wa kwanza au wa pili. Sharti ni uwe unaishi hapa na ruhusa yako ya kukaa iwe ya siku 185 au zaidi. Wakati ninaandika ni pauni 34 kwa mtandao na pauni 43 kwa fomu ya D1, ambayo unaichukua posta na kuituma DVLA, idara ya serikali inayotoa leseni, kule Swansea. Andaa anwani zako zote za miaka mitatu iliyopita. Na kuna faida ambayo wengi hawaambiwi: ukipata lena ndani ya ile miezi 12, unaendelea kuendesha kwa leseni yako ya nyumbani hadi mwaka utimie, bila vibao vya L vya mwanafunzi na bila msimamizi. Mimi niliahirisha nikisema mwaka ni mrefu. Usiku wa deni haukawii kucha. Mwezi wa kumi na tatu nilikuwa napanda basi saa kumi na moja alfajiri, natembea dakika arobaini gizani kati ya nyumba ya mzee mmoja na mwingine, na zamu zenye malipo mazuri wakipewa wenye magari. Ujue pia kwamba nafasi za mtihani wa barabarani ni adimu tangu janga la korona, watu husubiri miezi. Ukianza mwezi wa tisa umeshachelewa.

Mtihani wa nadharia una sehemu mbili na zote unazipita siku moja au unarudia zote. Maswali ya kuchagua ni 50, unatakiwa upate 43, muda ni dakika 57. Hayatafsiriwi. Tangu mwaka 2014 hakuna mkalimani wala sauti ya lugha nyingine isipokuwa Kiingereza na Kiwelisi. Kama Kiingereza kinakusumbua, tatizo mara nyingi si sheria, ni msamiati. Andika kwenye daftari kila neno la barabara usilolijua na maana yake kwa Kiswahili. Mimi nilijaza kurasa kumi na moja, na maswali yakaanza kufunguka yenyewe. Kitabu cha sheria za barabarani kinasomwa bure kwenye tovuti ya serikali.

Sehemu ya pili ni video 14, na hapa ndipo dereva mzoefu anapoumia bila kuelewa. Unaangalia barabara kama vile uko nyuma ya usukani, ukiona hatari inaanza kutokea unabofya. Video moja kati ya hizo ina hatari mbili, kwa hiyo hatari ni 15. Kila hatari ina alama 5, jumla ni 75, unahitaji 44. Macho yaliyozoea bodaboda za Kariakoo huiona hatari mapema mno: mtoto yuko mbali kwenye kibaraza, umeshabofya. Kompyuta inahesabu tangu mtoto anapoanza kusogea kuelekea barabarani, na kubofya kwako kwa mwanzo hakukuhesabiwa. Bofya unapoiona, kisha bofya tena inapoanza kubadilika. Usibofye mfululizo kama unapiga ngoma, maana video hiyo utapewa sifuri.

Sasa kosa langu. Nilikuwa nimeendesha dakika ishirini na tano vizuri. Mtahini akaniambia nikate kushoto kuingia mtaa mdogo. Nikapunguza mwendo, nikawasha indiketa, nikaangalia, nikaona bibi mmoja amesimama ukingoni na kigari chake cha sokoni cha magurudumu mawili, kitambaa cha bluu. Alikuwa ananiangalia. Nyumbani mtu aliyesimama ukingoni anasubiri gari lipite, ndivyo mama zetu walivyotufundisha tulipokuwa tunakwenda shule. Nikapita mbele yake taratibu kabisa, kwa adabu niliyodhani ni adabu. Mtahini akaandika kitu kwenye kishikwambi chake. Kosa kubwa moja, na kosa kubwa moja linatosha kukufelisha. Tangu Januari 2022 sheria inasema anayesubiri kuvuka mtaa unaoingia ana haki mbele yako. Unasimama, anavuka, ndipo unakata. Nilikaa kwenye gari la mwalimu nikimfikiria yule bibi. Asubuhi hiyo hiyo nilikuwa nimemvisha soksi mzee wa rika lake na kumshika mkono hadi kwenye kiti. Ndani ya nyumba sikuwa na haraka naye hata kidogo, na barabarani nimemfanya bibi mwenziwe anisubiri mimi.

Kwa hiyo shika hili kuliko yote: mtahini hapimi kama unaweza kuendesha. Hilo analiona ndani ya dakika mbili. Anapima kama unawaona wengine, na kama kuona kwako kunaonekana. Baada ya kufeli nilimpata mwalimu mwingine, mzee mwenye asili ya Jamaika, mpole, mwenye kitambulisho cha kijani chenye pembe nane kwenye kioo cha mbele, alama ya mwalimu aliyehitimu. Pembetatu ya waridi ni ya mwalimu anayejifunza bado. Somo la kwanza hakunifundisha chochote kuhusu gari. Kila baada ya dakika chache aliniuliza, "Gari lililo nyuma yetu lina rangi gani?" Sikujua. Nyumbani nyuma yangu palikuwa pa wenyewe walio nyuma, mimi nilishughulika na mbele. Somo la pili nilijua mara moja moja. Somo la nne nilikuwa namwambia kabla hajauliza: la fedha, limekaa karibu mno, mama ana mtoto kiti cha nyuma. Akacheka, akasema sasa tukaweke tarehe. Angalia kioo cha ndani na cha upande unaoelekea kabla ya indiketa, kabla ya kupunguza mwendo, kabla ya kuongeza, kabla ya kupita baiskeli. Baiskeli iachie mita moja na nusu. Geuza shingo kidogo ili mtahini aone umeangalia. Makosa madogo 15 unasamehewa, la 16 linakufelisha, na mengi ya wazoefu ni ya vioo.

Kama ulijifunza Dar, kipilefti unakijua, ila pengine ulikijua kikiwa na trafiki katikati. Hapa hakuna trafiki. Milton Keynes imejengwa kwa barabara zilizokatana kama jamvi, za V kwenda juu na za H kukatiza, na karibu kila zinapokutana kuna kipilefti. Safari fupi tu, unaweza kupita vitatu kabla hujatulia kwenye kiti. Wa kulia kwako ndiye mwenye haki. Ukienda kushoto, njia ya kushoto na indiketa ya kushoto. Ukienda moja kwa moja, ingia bila indiketa, kwa kawaida njia ya kushoto, kisha washa ya kushoto ukishapita tokeo, yaani njia ya kutokea, lililo kabla ya lako. Ukienda kulia, njia ya kulia na indiketa ya kulia, kisha ya kushoto unapotoka. Alama zilizochorwa chini zikisema vingine, fuata alama. Ukikosea tokeo, toka kwa usalama, endelea. Kupotea njia si kosa. Kosa ni kukata ghafla ili usipotee, na hili nimeona likiwafelisha watu wazuri sana.

Yapo mazoea mengine ya kuyavua. Kwetu lori likiwasha indiketa ya kushoto barabara kuu, dereva anakuambia pita. Hapa anakata kushoto, basi. Kwetu anayekupigia fulu anasema pisha naja. Hapa mara nyingi anakupisha, ingawa kisheria taa zinasema tu kwamba nipo, kwa hiyo usiondoke kwa ajili ya taa yake, ondoka baada ya kuona mwenyewe kwamba njia ipo. Honi iache. Ni onyo la hatari, si salamu wala lawama. Ndugu wa Kongo, Burundi na Rwanda mna kazi ya ziada ya kuhamia kushoto, na hatari kubwa ni pale unapotoka kwenye maegesho matupu alfajiri, hakuna gari la kukukumbusha upande.

Mwendo ni maili. Penye nguzo za taa na hakuna kibao, ni maili 30 kwa saa, kama kilomita 48, isipokuwa Wales ambako tangu Septemba 2023 ni 20. Kibao cheupe cha duara chenye mstari mweusi mshazari ni maili 60 kwa barabara ya kawaida na 70 penye ukuta au bustani katikati. Na ukitambaa kwa 40 penye 60, njia ikiwa nyeupe, hilo nalo ni kosa. Wengi wetu tunadhani kwenda polepole ni kumfurahisha mtahini.

Gari la otomatiki au la gia za mkono? Ukipita na otomatiki, leseni inakufunga kwenye otomatiki. Kama nyumbani uliendesha Noah na IST tu, na kazi inakusubiri, chukua otomatiki upate mkate. La gia za mkono utalirudia ukitulia. Mimi nilichukua la gia kwa sababu magari ya kampuni niliyokuwa naomba kazi yote yalikuwa hayo.

Weka nafasi ya mtihani kwenye tovuti ya serikali tu, pauni 62 siku za kazi. Wapo watu kwenye makundi ya simu wanaouza tarehe za karibu kwa pauni mia mbili na zaidi. Dada mmoja tuliyefanya naye kazi alituma pesa na namba ya lena yake, hakuona tarehe wala pesa. Ukifeli, lazima zipite siku 10 za kazi kabla ya mtihani mwingine, kwa hiyo tafuta tarehe siku hiyo hiyo ungali na uchungu. Siku yenyewe nenda na lena mkononi, na kama unavaa miwani ivae, kwa kuwa kitu cha kwanza ni kusoma namba ya gari kwa mita 20.

Ukifaulu, miaka miwili ya kwanza uwe mwangalifu kuliko mwanafunzi. Alama 6 za adhabu ndani ya miaka hiyo zinafuta leseni, na unarudi lena na nadharia. Kuendesha bila bima peke yake ni alama 6 na faini ya pauni 300, na kamera za polisi husoma namba ya gari na kujua kama lina bima. Kwa hiyo usimwazime mtu gari lake "mara moja tu hadi dukani" kabla jina lako halijaingia kwenye bima yake.

Halafu Januari itakukuta. Zamu inaanza saa kumi na mbili, vioo vyote vimefunikwa barafu nyeupe kama chumvi, na sheria inataka uone pande zote kabla hujaondoka. Usimwagie maji ya moto, kioo kitapasuka. Amka dakika kumi na tano mapema, washa gari, kaa nalo, kwangua. Kikwangulio cha plastiki kinauzwa karibu kila kituo cha mafuta. Kiweke ndani ya nyumba karibu na viatu, usikiache ndani ya gari, kwa sababu kuna asubuhi milango nayo inaganda.