Kwa mnaoanza utafiti wa chakula na bakteria wa tumboni huku Moshi na Arusha, anzieni jikoni

Habari zenu wadogo zangu, naona mwaka huu mmeingia wengi kwenye huu upande wa chakula, bakteria wa tumboni na kisukari, wengine mko Moshi kwenye hospitali ya KCMC na taasisi yake ya utafiti KCRI, wengine chuo cha Nelson Mandela pale Tengeru, na karibia kila ninayekutana naye swali lake la kwanza ni DNA itasomwa na mashine gani na programu ya kuchambua ni ipi. Hilo swali lina wakati wake. Mi ntaongelea vitu ambavyo kwenye semina huwa vinapitwa harakaharaka, na kama huna muda wa kusoma yote shika hili moja, data ya bakteria bila data nzuri ya msosi ni orodha ya majina ya Kilatini tu, huwezi kuifanyia chochote cha maana.

Kwanza muelewe mchezo wenyewe unavyoenda. Polifenoli ni zile kemikali za mimea zinazoleta rangi, uchungu na ukakasi, wekundu wa ganda la maharage, ukakasi wa ndizi mbichi, chai ya rangi iliyochemka mpaka ikakaba ulimi. Sehemu kubwa ya hizo hazifyonzwi kwenye utumbo mwembamba, makadirio yanayotajwa sana ni asilimia 90 mpaka 95 inashuka mpaka utumbo mpana, na huko ndo bakteria wanazikatakata kuwa molekyuli ndogo ndogo ambazo sasa zinaingia kwenye damu. Kwaiyo anachokula mtu na anachopata mwilini ni vitu viwili tofauti, katikati kuna bakteria. Mfano unaofundishwa sana ni soya, ndani yake kuna daidzeini ambayo bakteria fulani wanaigeuza kuwa ikwoli, lakini watu wengi hawana hao bakteria, wanakula soya ileile na ikwoli haitoki. Komamanga nalo hivyohivyo, mmoja anatengeneza urolithini mwingine hatengenezi kabisa.

Upande wa pili ni nyuzinyuzi na ile wanga sugu isiyomeng'enywa juu, iliyopo kwenye ndizi mbichi na kwenye kiporo cha viazi au ndizi zilizopikwa zikapoa. Bakteria wanaichachusha wanatoa asidi fupi za mafuta, aseteti, propioneti na butireti. Butireti ndo chakula kikuu cha seli za ukuta wa utumbo mpana, na hizi asidi zinagusa pia seli zinazotoa homoni ya GLP-1, ndiyo hiyohiyo ambayo sindano za kupunguza uzito zinaiiga, ila msije mkamwambia mtu eti akila maharage ni sawa na kuchoma sindano, kinachotoka kwa chakula ni kidogo sana ukilinganisha. Halafu ukuta ukidhoofika, vipande vya ganda la bakteria vinavuja kuingia kwenye damu, mwili unawaka moto wa chini chini, yaani uvimbe wa ndani usioonekana, na insulini inaanza kushindwa kazi. Patrice Cani na wenzake walilionyesha hilo kwa panya mwaka 2007. Kwa panya, narudia, maana nimeona watu wanaliandika kama vile lilifanyika kwa wajomba zao.

Sasa tuje nyumbani. Kuna kazi ambayo kila anayeanza huku lazima aisome mpaka majedwali ya nyuma, ilitoka kwenye jarida la Nature Medicine mwaka 2025, ya kina Godfrey Temba na Quirijn de Mast, KCMC na chuo kikuu cha Radboud cha Uholanzi. Wanaume 77 wenye afya nzuri wa huku Kilimanjaro. Waliozoea chakula cha kijijini wakapewa chakula cha kizungu kwa wiki mbili, wa mjini waliozoea vya kizungu wakarudishwa kwenye chakula cha asili kwa wiki mbili, na kundi la tatu likanywa mbege, ile pombe ya ndizi ya Wachaga, kwa wiki moja, pembeni kuna wachache waliobaki na chakula chao kama kipimo cha kulinganishia. Waliohamia kizungu damu yao ikaanza kuonyesha protini za uvimbe zimepanda na seli za kinga zinajibu kivivu, waliorudi asili na waliokunywa mbege vikaenda upande wa pili, na baadhi ya mabadiliko yalikuwa bado yanaonekana wiki nne baada ya jaribio kuisha. Wiki mbili tu aisee.

Lakini soma na mipaka yake. Wanaume tu, hamna wanawake, watu wachache, muda mfupi, na waliangalia alama za kwenye damu, hakuna aliyesubiri kuona nani atapata kisukari miaka kumi mbele. Na mbege ina kilevi. Ukienda kijijini ukasema utafiti umesema mbege ni dawa, wazee watafurahi sana ila utakuwa umewadanganya. Tena mbege yenyewe sio ndizi tu, kuna ulezi na kuna gome la msesewa la kuleta uchungu, na msesewa ni wa jamii ya Rauvolfia, ukoo uleule ambao ndugu yake wa India ndiye alitoa reserpini, dawa ya zamani ya presha. Kwaiyo ukiona kitu kimebadilika kwa mnywaji, usikimbilie kusema ni uchachu, inaweza ikawa ulezi, gome, ndizi, kilevi au vyote pamoja.

Hapa ndo nakuja kwenye jikoni sasa, na hapa nitakaa kidogo maana ndipo kazi nyingi zinapofia.

Dodoso la chakula mlilopewa mara nyingi limetoka nje, limeandikwa "maharage, gramu ngapi". Hilo halitoshi hata kidogo. Maharage yaliloekwa? Maji ya kulowekea yalimwagwa au yalipikiwa humohumo? Maana sehemu ya polifenoli za ganda inatoka na yale maji. Yaliwekwa magadi? Huku kwetu magadi yanaingia kwenye makande, kwenye kiburu (ndizi na maharage), kwenye mboga za majani ngumu, ili viive haraka na viwe laini, na magadi yanaharibu sehemu ya hizo kemikali za rangi, pia ni sodiamu, na wewe unapima presha! Sijaona dodoso la kuletewa lenye swali la magadi, ongeza mwenyewe. Ugali ni wa dona au sembe? Mtu atakujibu ugali tu, muulize mahindi yalikobolewa au yalisagwa hivyohivyo, kwasababu pumba ndo ina nyuzinyuzi na asidi ya feruliki, nayo ni polifenoli, sembe imeziacha mashineni wakala nguruwe. Ndizi ilikuwa mbichi au imeanza kuiva, ililiwa ya moto au kiporo. Mboga ni mnafu, kisamvu, majani ya kunde au chainizi, usiandike "mboga za majani" halafu ukajiona umemaliza. Kule Arusha kwa ndugu zetu Wamaasai na Waarusha uliza supu, imewekwa kiloriti au haijawekwa, lile gome limejaa tanini, aina ya polifenoli, na uliza loshoro maana kuna maziwa ya mgando humo ndani.

Chai nayo. Watu hawahesabu chai kama chakula. Ukimuuliza mama wa Kibosho umekula nini jana atakwambia mchana makande usiku ndizi, hatataja vikombe vitatu vya chai ya maziwa kila kimoja na vijiko vitatu vya sukari, hiyo unaichimba mwenyewe, ulipoamka ulianza na nini, baada ya hapo je, kuna mgeni alikuja? Kahawa pia usiidharau japo Wachaga wengi wanailima na hawainywi, kuna kazi ya mwaka 2024 yenye watu zaidi ya elfu ishirini iliyoonyesha bakteria mmoja, Lawsonibacter asaccharolyticus, anafuatana na unywaji wa kahawa kiasi kwamba ukimwona unaweza kukisia mtu ananywa.

Na kiasi. Familia inakula sinia moja, mama anapakua kwa upawa, mtoto anaongezewa, baba anakula nje kwa mama lishe. Nenda na upawa, bakuli na vikombe vya aina inayotumika pale mtaani, umevipima maji kabla, muonyeshe achague. Mafuta uliza anayanunua ya shilingi ngapi na yanakaa siku ngapi, wako wangapi nyumbani, gawanya. Sio sahihi sana lakini ni afadhali mara mia kuliko "vijiko viwili" vya kukisia.

Kuhusu msimu, hapa watu wa ratiba za bosi mnisikilize. Wahadzabe wa ziwa Eyasi walifuatiliwa na kundi la Samuel Smits, kazi ikatoka kwenye Science 2017, sampo 350 za watu 188, ikaonekana bakteria wao wanabadilika kwa msimu, kuna makundi yanapotea karibu kabisa kipindi cha mvua yakarudi kiangazi, kufuatana na nyama, asali na matunda pori. Sasa sisi hatuwindi, ila kiangazi na masika sokoni Mbuyuni au Kilombero sio kitu kimoja, na muhimu zaidi, mkoa wa Kilimanjaro una msimu wake ambao haupo kwenye kitabu chochote cha hali ya hewa, Desemba. Wachaga wanarudi nyumbani, mbuzi wanaanguka, kisusio (supu ya damu), mbege, soda, wiki mbili mfululizo. Ukikusanya sampo za "mlo wa kawaida wa kijijini" Rombo tarehe 28 Desemba kwasababu eti ndo watu wanapatikana kirahisi, umepima sikukuu. Angalia pia Ramadhani na Kwaresma.

Choo sasa. Usicheke ukiomba, na usione aibu, ukiona aibu wewe na yeye ataona. Sema "choo kikubwa" kwa utulivu, mpe kopo lenye mfuniko usioonekana ndani na mfuko mweusi, na usimtangaze mbele ya wakwe zake. Kuna watu wataogopa kwamba choo au damu inaenda kwenye mambo ya giza, hawa usiwabishie, waonyeshe barua ya kibali, pita kwanza kwa mwenyekiti wa mtaa na mhudumu wa afya wa jamii, mambo yatalainika. Ikiwezekana pata machupa yenye dawa ya kuhifadhi DNA, maana kutoka Marangu juu mpaka friza ya nyuzi -80 ni safari, bakteria wengine wanaendelea kuzaliana kwenye joto na majibu yanabadilika kabla hujafika Himo. Lakini kama unataka pia kupima butireti au molekyuli za polifenoli, uliza mapema watu wa maabara, dawa nyingine za kuhifadhi DNA zinaharibu hicho kipimo, hapo unahitaji barafu ya kweli. Friza iwe na mtu anayeiangalia umeme ukikatika usiku, mtu mwenye jina. Andika na choo kilivyokuwa, kigumu, laini, cha kuhara, kwa ile chati ya Bristol yenye aina saba, kwasababu kasi ya chakula kupita tumboni inabadilisha bakteria kuliko vitu vingi mnavyovipigania. Na kila seti weka chupa tupu ambayo haina sampo, ipite hatua zote, ukija kukuta bakteria humo ujue wametoka kwenye vifaa na kemikali za maabara, sio kwa mshiriki.

Dawa ni shimo lingine. Antibayotiki huku mtu ananunua dukani bila cheti, tena nusu dozi, ukiuliza "umetumia antibayotiki miezi mitatu iliyopita" atasema hapana, taja kwa majina na rangi, amoksi, metro, sipro, vile vidonge vya rangi mbili. Na ukiwa unalinganisha wenye kisukari na wasio nacho kuna metformini, vidonge vya kisukari. Mwaka 2015 kina Forslund walionyesha kwenye Nature kwamba sehemu kubwa ya kilichokuwa kinaitwa bakteria wa kisukari ilikuwa ni alama ya metformini. Kwaiyo usipoandika nani anaimeza na kiasi gani, utagundua dawa ukidhani umegundua ugonjwa.

Majibu yakitoka, kumbuka asilimia za bakteria zinabanana, mmoja akipungua wengine wanaonekana wameongezeka hata kama hawajaongezeka. Halafu kusoma 16S, ile jeni moja ya kutambulishia bakteria, kunakwambia nani yupo, hakukwambii anafanya nini. Na HbA1c, kipimo cha wastani wa sukari ya miezi kama mitatu, iangalieni kwa jicho la pili, kwa mwenye upungufu wa damu au selimundu inaweza kudanganya, weka na sukari ya asubuhi kabla hajala.

Kabla ya kumshauri mtu yeyote ale nini, jueni polifenoli hizihizi zinazuia madini ya chuma, chai ikinywewa pamoja na maharage na mchicha chuma kinapotea, kwa mama mjamzito hilo sio jambo dogo, mwambie chai asogeze saa moja mbele.

Vibali vya NIMR, taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa, na makubaliano ya kusafirisha sampo nje anzeni navyo leo, vinachukua muda, sina zaidi hapo. Ila mshiriki atakuuliza tu, "bakteria wangu wakoje?" Usimtungie. Mpe presha na sukari yake palepale kwa maandishi, ikiwa juu mwandikie barua ya kwenda kituo cha afya kilicho karibu, na umwambie wazi kwamba majibu ya bakteria yatachukua miezi na hayatambadilishia matibabu. Na ile namba ya simu mnayowaachia kwenye fomu iwe ya mtu anayepokea.