Duara lenye mstari kwenye MacBook ya zamani

SWALI: Ndugu Mhariri, ninayo MacBook Pro ya inchi 13 ya mwaka 2012, ambayo niliinunua ikiwa imeshatumika. Toleo la mwisho la mfumo wa macOS inaloruhusiwa ni Catalina, na programu ninazozihitaji kazini hazilikubali tena. Kwa hiyo nilitumia OpenCore Legacy Patcher, programu inayowezesha Mac za zamani kupokea macOS mpya, kutengeneza flashi ya kusakinisha toleo jipya zaidi, Ventura, kwenye MacBook Air ya kaka yangu. Usakinishaji ulianza vizuri, mashine ikajizima na kujiwasha yenyewe, kisha likatokea duara lililokatwa na mstari wa mshazari. Nimerudia tangu mwanzo, na matokeo ni yale yale. Je, mashine imeharibika?
Msomaji, Mwanza

JIBU: Ndugu msomaji, duara hilo si dalili ya ubovu. Kila Mac ina kitambulisho cha bodi yake (ubao mkuu wenye saketi), na faili la Apple linaloanzisha mfumo hukikagua kabla ya kuendelea. Likikuta bodi isiyomo katika orodha yake, husimama na kuonyesha duara hilo. Kazi ya OpenCore, kianzishi ambacho programu uliyotumia huweka kwenye flashi, ni kutangulia mbele ya ukaguzi huo na kuandaa mazingira ili upite. Ukiona duara, basi, jambo la kwanza kushuku ni kwamba mashine imeuanza mfumo moja kwa moja bila kupitia OpenCore.

Hapo ndipo wengi wanapokwama, kwa sababu usakinishaji hujizima na kujiwasha zaidi ya mara moja, na kila mara ni lazima upite mlango ule ule wa OpenCore. Mashine inapowaka, shikilia kitufe cha Option hadi orodha ya diski itokee, kisha chagua EFI Boot, yaani OpenCore iliyo kwenye flashi, si diski yenyewe. Ukishikilia Control wakati wa kuchagua, mashine itaukumbuka uchaguzi huo. Katika menyu ya OpenCore inayofuata, mara ya kwanza chagua Install macOS Ventura. Baada ya mashine kujiwasha upya, chagua macOS Installer, yenye picha ya diski ya kijivu. Ukirudia ile ya kwanza, utakuwa unaanza kazi upya kila mara.

Katika maelezo yako kuna jambo jingine lililonishtua, nalo ni flashi kutengenezwa kwenye mashine ya kaka yako. OpenCore Legacy Patcher, usipoiambia vinginevyo, huandaa OpenCore kwa ajili ya kompyuta inayoitumia wakati huo. Fungua mipangilio yake, chagua MacBookPro9,2 ambayo ndiyo yako, kisha uiandae na kuiweka upya kwenye flashi. Nakushauri uanze na hili kabla ya kugusa kingine chochote.

Badala ya duara, ukiona folda yenye alama ya kuuliza, habari ni tofauti kabisa: mashine haioni diski yoyote ya kuwakia. Katika modeli yako, kebo bapa inayounganisha diski na bodi inajulikana kwa kuchakaa, na mafundi wengi huilaumu diski bure. Itoe diski, itie kwenye kasha la USB na uwashe mashine kutoka huko. Ikisomeka vizuri, badilisha kebo kwanza.

Usakinishaji ukikamilika, mashine bado itategemea flashi hadi utakapoiweka OpenCore katika sehemu ya EFI (sehemu ndogo iliyofichwa yenye faili za kuwashia mashine) ya diski ya ndani, kwa kutumia programu ile ile. Kisha endesha humo Post-Install Root Patch, yaani marekebisho yanayorudisha viendeshi vya picha, kwa kuwa Ventura haina tena viendeshi vya Intel HD 4000, kichakataji cha picha kilichomo ndani ya mashine yako, na bila hivyo madirisha yatakwenda kwa kusuasua. Kama una RAM ya GB 4 na diski ya kuzunguka, weka kwanza SSD (diski isiyo na sehemu inayozunguka) na RAM ya GB 8. Vinginevyo ni afadhali ubaki na Catalina.

Mwisho, zima masasisho ya kujiendesha. Sasisho la mfumo hufuta marekebisho hayo ya picha, hivyo kila unapokubali moja, hifadhi kwanza kazi zako kwenye diski ya nje, sasisha OpenCore, kisha uyarudishe marekebisho baada ya mashine kuwaka.